Kutembea kando ya Regent's Canal, London: soma alama za kamba

Regent's Canal ni mfereji wa kilomita 13.8 unaozunguka katikati ya London kwa upande wa kaskazini, kisha unashuka mashariki mpaka mto Thames. Unaanzia Little Venice, karibu na stesheni ya Paddington, na kuishia Limehouse. Bunge liliruhusu uchimbwe mwaka 1812, kipande cha Paddington hadi Camden kikafunguliwa 1816, na tarehe 1 Agosti 1820 matishari yakaanza kupita mfereji mzima. Gharama ilifika pauni 772,000, karibu mara mbili ya makadirio. Thomas Homer, aliyetoa wazo la mfereji na kupewa kazi ya kuangalia mambo ya kampuni, mwaka 1815 aligundulika amekula fedha za kampuni hiyo, akahukumiwa kupelekwa uhamishoni.

Leo hakuna shehena inayopita. Njia ya kando ya maji imebaki, haina kiingilio, na mtu wa mwendo wa kawaida huimaliza kwa saa nne. Ukitaka kuangalia vitu vilivyotajwa hapa, tenga saa sita.

Shika jambo moja kabla ya kuanza: njia hii haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Ilitengenezwa kwa ajili ya farasi mmoja anayekokota tishari kwa kamba ndefu. Kwenye barabara nzuri farasi huvuta mzigo wa tani moja au mbili. Majini farasi huyo huyo alikokota tani 30 na zaidi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa nini daraja lina umbo lile, kwa nini njia inakatika ghafla mahali fulani, kwa nini kuna miteremko ya mawe inayoingia majini bila sababu ya kuonekana: jiulize farasi alikuwa upande gani na kamba ilipita wapi, na jibu utalipata hapo hapo.

Maandalizi

Tembea kutoka magharibi kwenda mashariki. Maji yanateremka upande huo, mita 26 kwa jumla, na vitu vinavyohitaji maelezo viko nusu ya kwanza, wakati miguu na akili bado vina nguvu.

Vaa raba zenye soli ya kushika. Sehemu kubwa ya njia ni zege au changarawe iliyoshindiliwa, lakini chini ya madaraja kuna mawe ya zamani yaliyolainika, na dari ya matofali hudondosha maji juu yake hata siku mbili baada ya mvua. Hapo ndipo watu huteleza. Hakuna uzio kati yako na maji, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono, hasa kwenye madaraja ya chini ambako njia hubanwa mpaka watu wawili hawapishani vizuri.

Hatari ya kila siku ni baiskeli. Kwa sheria ya njia, mwenda kwa miguu ana haki ya kwanza, ila haki hiyo haitakusaidia ukikutana uso kwa uso na mtu aliyechelewa kazini. Epuka kipande cha Angel hadi Broadway Market kati ya saa 2 na saa 3 na nusu asubuhi, na tena jioni watu wanaporudi. Chini ya daraja tembea ukutani, sikiliza kengele, na usisimame kupiga picha kwenye kona.

Siku nzuri ni za katikati ya wiki. Jumamosi alasiri pale Camden utasogea hatua kwa hatua kama uko foleni ya kivuko cha Likoni. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, hivyo uwe umeanza saa 3 asubuhi. Kati ya Novemba na Machi shirika linalosimamia mifereji, Canal & River Trust, hukausha baadhi ya sehemu ili kufanya matengenezo; angalia matangazo yao kabla ya kutoka. Ukikuta chemba ya kupandishia na kushushia mashua iliyokaushwa, usisikitike. Utaona sakafu na vizingiti ambavyo kwa kawaida hufichwa na maji.

Chakula kipo Camden na Broadway Market. Choo cha uhakika kiko stesheni ya King's Cross, na ni bure. Kuanzia Mile End hadi Limehouse maduka ya karibu na njia ni machache, kwa hiyo jaza chupa ya maji kabla ya hapo.

Little Venice hadi Lisson Grove

Shuka stesheni ya Warwick Avenue na tembea dakika chache hadi kwenye bwawa la pembe tatu. Mfereji wa Grand Junction, uliofika Paddington 1801 ukitokea Midlands, katikati ya Uingereza, unakutana hapa na Regent's Canal. Kando ya daraja la buluu kuna nyumba ndogo iliyokuwa ya mtoza ushuru. Ushuru ulitozwa kwa tani, na mizani ya kupimia tishari haikuwepo, kwa hiyo karani alitumbukiza kijiti chenye alama ubavuni kupima ukingo wa tishari uko juu ya maji kiasi gani. Kila chombo kilikuwa kimeshapimwa kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo, na vipimo vimeandikwa kitabuni. Karani alilinganisha, akajua tani, akataja bei.

Kutoka bwawani utaona njia ya kando ya maji imefungwa kwa geti, kwa sababu ukingo huo ni wa watu wanaoishi kwenye mashua. Usihangaike kutafuta upenyo. Tembea kwenye barabara ya Blomfield Road mfereji ukiwa upande wako wa kulia, mpaka uone maji yanaingia chini ya ardhi. Hilo ni handaki la Maida Hill, mita 249. Ndani hakuna njia ya miguu, maana kupanua handaki ili farasi apite kungeongeza gharama sana. Farasi alifunguliwa kamba na kupitishwa juu ya kilima, na chini wanaume walilala chali juu ya mbao, wakakanyaga kuta kwa miguu na kusukuma tishari hatua kwa hatua gizani. Wewe pita alipopita farasi: vuka Edgware Road kwenye taa, ingia Aberdeen Place, na barabara inapokunja kushoto nenda mbele kwa njia ya miguu hadi Lisson Grove, ushuke tena majini.

Wengi hupotea hapa, kisha wakakata tamaa kwa kudhani mfereji umekwisha. Haujaisha. Uko chini ya miguu yao.

Regent's Park: nguzo zilizogeuzwa

Kuanzia St John's Wood utasikia vibamba vya zege vikigonga chini ya viatu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyaya za umeme za kilovolti 400 zilizikwa chini ya njia, kutoka St John's Wood hadi City Road, na maji ya mfereji husukumwa kuzipoza. Shehena ya makaa ya mawe iliondoka, ikaja shehena ya umeme.

Sasa punguza mwendo. Daraja la Macclesfield, karibu na Avenue Road, wenyeji huliita daraja lililolipuka. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, kabla ya saa 11, stima ndogo ilikuwa ikikokota msafara wa matishari, na mojawapo, Tilbury, lilibeba tani zipatazo 5 za baruti pamoja na mafuta ya petroli. Mvuke wa mafuta ulishika moto chombo kilipokuwa chini ya daraja. Watu 3 waliokuwa ndani walikufa na daraja likaanguka. Lililowazuia wengi zaidi kuumia ni kwamba pale mfereji umepita ndani ya bonde, kingo zikakinga kishindo. Mwaka uliofuata, 1875, Bunge lilipitisha sheria mpya ya vilipuzi.

Nguzo za chuma cha kusubu, zilizotoka Coalbrookdale, zilikuwa bado nzima, zikasimamishwa tena. Nenda kwenye nguzo iliyo karibu na maji na upitishe mkono juu yake. Upande unaotazama mfereji una mifereji midogo iliyokatwa ndani ya chuma, mingine ya kuingia kidole. Ni kazi ya kamba. Kamba ya pamba iliyolowa huokota mchanga wa njiani, na kila farasi anapopinda chini ya daraja kamba hukazika na kusugua nguzo kama msasa. Zungusha mkono nyuma ya nguzo: kuna michirizi huko pia, mahali ambapo kamba haingeweza kufika. Mafundi waliojenga upya waligeuza nguzo, upande ulioliwa ukatazama nchi kavu na upande mzima ukatazama maji, kisha kamba zikaanza kula upande wa pili. Huhitaji kibao cha maelezo, vidole vinatosha.

Baada ya daraja hilo, tazama chini kwenye ukingo wa maji. Utaona mahali ambapo ukuta umekatwa na kuwekwa mteremko wa mawe unaoingia majini. Reli ya London na Birmingham ilipoanza 1837, ilivuka mfereji kwa juu karibu na Camden, na farasi waliposhtushwa na mluzi wa treni walitumbukia. Farasi huogelea vizuri ila hawezi kupanda ukuta wima. Aliongozwa hadi kwenye mteremko, akatoka, akafungwa kamba, safari ikaendelea.

Juu ya njia kuna tundu kubwa la nyaya la bustani ya wanyama ya London, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege. Tangu 2022 humo wanakaa mbega weusi kwa weupe, ndugu wa wale wa misitu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Simama kimya dakika tano; hukatiwi tiketi kwa kutazama kutoka njiani.

Mfereji unapokunja kushoto kwa ghafla, penye mgahawa wa Kichina unaoelea, hapo zamani kulikuwa na tawi lililoendelea mbele hadi soko la nyasi kavu za farasi. Lilifukiwa wakati wa vita, mwaka 1942.

Camden: jinsi loki inavyofanya kazi

Kabla ya soko utapita ghala kubwa la matofali lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mdomo mweusi wa maji chini yake. Matishari yaliingia humo, na mizigo ikapandishwa kwa winchi moja kwa moja hadi kwenye mabehewa ya treni orofa ya juu. Kisha linakuja daraja jembamba la chuma linalovusha njia hadi ng'ambo. Angalia linavyopanda polepole bila ngazi: farasi alivuka juu yake akiwa bado na kamba yake. Chuma cha pembeni nacho kimechanwa na kamba.

Hapa ndipo kuna chemba ya kwanza ya kushushia mashua. Mabango yote yanaiita lock, nasi tuseme loki. Ziko 12 kutoka hapa hadi Limehouse, na zilijengwa kwa jozi, mbili ubavu kwa ubavu, ili tishari linaloshuka lisimsubiri anayepanda na maji ya chemba moja yasaidie kujaza nyingine. Kwingineko kote chemba ya pili imegeuzwa kuwa maporomoko ya kupitishia maji ya ziada. Hapa Camden tu zote mbili bado zinafanya kazi. Zina upana wa zaidi kidogo ya mita 4, kwa hiyo mashua nyembamba mbili, kila moja mita 2.1, huingia pamoja.

Mashua inayoshuka hupita hivi. Chemba hujazwa kwanza mpaka maji yake yalingane na ya juu. Mashua inaingia, malango ya juu yanafungwa. Nahodha anachomeka hendeli ya chuma kwenye meno ya langoni na kuinua vilango vidogo vilivyo chini ya maji katika malango ya upande wa chini. Maji yanatoka, mashua inashuka nayo. Yakishalingana na ya nje, mtu anaweka mgongo kwenye boriti ndefu na kusukuma, na lango la tani kadhaa linafunguka taratibu.

Malango mawili yakifungwa hayakai sawa kama mlango wa ghala. Hukutana kwa pembe, ncha ikielekea maji ya juu, hivyo maji yenyewe ndiyo yanayoyabana. Zikibaki hata sentimita chache za tofauti, watu wanne hawatalifungua. Ukimwona mtu anasukuma huku uso umemwiva, ujue maji hayajalingana. Dawa ni kusubiri nusu dakika, wala si kuongeza nguvu.

Ajali ya kawaida iko nyuma ya mashua. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti cha zege au jiwe kinachotokeza ndani ya chemba, na mstari mweupe ukutani unaonyesha kinapoishia. Mashua ikiachwa nyuma ya mstari huo wakati maji yanashuka, makalio yake hukaa juu ya kizingiti huku kichwa kikiendelea kushuka, nayo inaweza kuzama kwa dakika mbili. Ndiyo maana nahodha hatoi macho kwenye mstari ule. Ukitaka kusaidia kusukuma boriti, muulize kwanza, na usiguse hendeli. Ikikuponyoka inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Kila mashua inayoshuka huondoka na lita zipatazo 250,000. Maji yalikuwa kilio cha kampuni tangu siku ya kwanza. Kanali William Congreve aliwaahidi mtambo wa kupandisha na kushusha mashua kwa hewa iliyobanwa, usiomwaga maji, ukajengwa hapa Camden, ukashindwa, ukang'olewa, na loki za kawaida zikajengwa. Baadaye, 1835, bwawa la Brent kaskazini magharibi mwa London lilikamilika ili kulisha mfereji.

Mbao zilizoletwa kwa maji ziliifanya Camden kuwa mji wa mafundi wa piano. Kwenye Oval Road, mwendo mfupi kutoka majini, bado lipo jengo la duara la watengeneza piano Collard & Collard. Vitufe vya piano za wakati huo vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na miongoni mwa pembe zilizouzwa katika minada ya London nyingi zilitoka Unguja, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara.

King's Cross

Camden hadi hapa ni kama nusu saa, ukipita loki za Hawley, Kentish Town na St Pancras. Fremu za duara za chuma utakazoona ni mabaki ya matangi ya gesi ya taa. Gesi ilipikwa kwa makaa ya mawe. Tangi lilikuwa kengele kubwa ya bati iliyoelea kinyumenyume juu ya maji. Gesi ikiingia kengele hupanda, watu wakiwasha taa jioni hushuka. Fremu ilikuwa ya kuiongoza isiyumbe. Kengele zimeondoka, zimebaki fremu. Moja imezunguka bustani ndogo, na tatu zilizoungana zimejengewa nyumba za kuishi ndani.

Panda ngazi pana hadi Granary Square. Ghala la nafaka la 1852, kazi ya Lewis Cubitt, lilipokea ngano kwa treni na kuipakia kwenye matishari yaliyoingia kwa maji mpaka chini ya jengo. Kiwanja chenye chemchemi 1,080 za maji kimekaa mahali palipokuwa na bwawa lenyewe. Jirani yake, Coal Drops Yard, palikuwa mahali pa kushushia makaa: mabehewa yalisimama juu, sakafu yake ikafunguliwa, makaa yakamwagika kwenye mikokoteni iliyosubiri chini. Sasa ni maduka ya bei kali. Majengo yametunzwa vizuri. Bei tuachie wenyewe.

Ukiweza kuingia mahali pamoja tu siku nzima, ingia London Canal Museum, New Wharf Road, kwenye bwawa la Battlebridge. Angalia kwanza siku wanazofungua. Jengo lilikuwa ghala la barafu la Carlo Gatti, Mswisi aliyetajirika kwa aiskrimu, na ni la miaka ya 1860. Barafu ilikatwa Norwei, ikaja kwa meli hadi Limehouse, ikapakiwa kwenye matishari na kupandishwa mfereji huu mpaka hapa, kisha ikashushwa kwenye visima viwili vyenye upana wa kama mita 10. Barafu iliyorundikwa kwa wingi huyeyuka polepole, kwa sababu ya ndani hulindwa na ya nje. Utaonyeshwa kisima chenyewe.

Islington: njia inakatika tena

Handaki la Islington lina urefu wa mita 878 na limenyooka kama mstari. Simama mdomoni, inama kidogo: ncha ya pili inaonekana mbali kama sarafu. Kusukuma kwa miguu humu kulichosha watu na kufunga foleni, na mwaka 1826 kampuni ikaweka stima iliyojivuta kwa mnyororo uliolazwa chini ya maji. Ilivuta msafara mzima, ikajaza handaki moshi, na mtindo huo ukadumu hadi miaka ya 1930.

Wewe panda hadi Muriel Street. Fuata alama zilizopachikwa kwenye lami ya njia ya miguu, upite kati ya magorofa hadi Maygood Street na Barnsbury Road, kisha Chapel Market, vuka Liverpool Road na barabara kuu ya Islington karibu na stesheni ya Angel, shuka Duncan Street hadi Colebrooke Row, na mbele yake utaona geti na mteremko wa kurudi majini. Dakika 15 hadi 20. Alama hizo hufichwa na meza za wachuuzi sokoni, na hapo watu hupoteza mwelekeo. Kumbuka tu majina Chapel Market na Duncan Street. Farasi walipitia humu humu, wakiongozwa na watoto wa wenye matishari, na wengine kwa mazoea walijua njia bila kuongozwa.

Kuelekea mashariki

Kipande cha Angel hadi Victoria Park ni kirefu, kilomita 4, na si cha kusimama sana. City Road Basin, bwawa la kwanza upande wa kulia, lilikuwa kituo kikuu cha mizigo mara tu mfereji ulipofunguliwa. Sasa ni la wapiga makasia. Mwendo mwingine ni Kingsland, Haggerston, Broadway Market na loki za Sturt's na Acton's. Kula Broadway Market.

Baada ya loki ya Old Ford, pembeni mwa Victoria Park, mfereji mwingine unachepuka kushoto. Ni Hertford Union, uliochimbwa na Sir George Duckett na kufunguliwa 1830 kama njia ya mkato kwenda mto Lea. Haukumlipa, na 1857 kampuni ya Regent's ikaununua. Vuka mdomo wake na uendelee moja kwa moja kusini. Ukipinda utajikuta Hackney Wick, na hilo ni kosa la tatu la njia hii baada ya mahandaki mawili.

Mile End ina bustani ndefu iliyoshikana na njia, na ng'ambo ya maji kuna maghala ya matofali kwenye Copperfield Road. Mwaka 1877 Dk. Barnardo aliyageuza kuwa shule ya bure ya watoto wa mafukara wa mtaa huo. Leo ni makumbusho. Zinabaki loki tatu: Johnson's, Salmon Lane na Commercial Road.

Limehouse

Jina lenyewe ni la matanuri ya chokaa yaliyokuwa hapa, mambo ambayo mtu wa pwani haelezwi. Bwawa lilifunguliwa 1820 na likapanuliwa baadaye. Meli za makaa kutoka kaskazini mashariki ya Uingereza ziliingia kutoka Thames, makuli wakahamishia mzigo kwenye matishari, na matishari yakapanda mfereji ule uliokwisha kuupita, yakilisha viwanda vya gesi njiani. Ukitaka kuuelewa mfereji kwa macho ya biashara, fikiria mzigo mwingi ukipanda kuelekea ulikotoka wewe. Shehena zilikoma 1969. Mashua za starehe ndizo zimejaa sasa.

Zunguka bwawa hadi lango la mto na utazame Thames. Maji yakiwa yamekupwa utaelewa kwa nini bwawa linahitaji lango: tofauti kati ya kupwa na kujaa hapa hupita mita 6, mara mbili ya ile ya Dar es Salaam au karibu hivyo. Kisha rudi upande wa kaskazini, kwenye mnara wa matofali wenye pande nane. Ulijengwa 1869. Ndani kulikuwa na uzito mkubwa uliokandamiza maji kwenye mabomba ili kuendesha winchi na malango ya gati, kabla umeme haujaingia kazini.

Kurudi mjini, panda treni ya DLR kwenye stesheni ya Limehouse, dakika chache kwa miguu. Inapita juu ya matao ya matofali yaliyo kando ya bwawa, ambayo ni ya reli ya London na Blackwall, iliyofunguliwa 1840. Miaka yake ya kwanza reli hiyo haikuwa na injini zinazotembea. Mashine za mvuke zilikaa kwenye ncha mbili za njia, na mabehewa yalivutwa kwa kamba.